Shule zikifungwa: nusu saa ya kila siku na mtoto wa P1 hadi P3

Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa nafundisha P2, yaani darasa la pili la msingi, katika shule moja ya binafsi hapa Busia, upande wa Uganda. Mwezi wa pili mshahara ukakatika. Mwezi wa tatu nikaweka sigiri, jiko la makaa, kando ya barabara, nikawa nakaangia chapati madereva wa malori. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa watu, lakini malori yalipita, na foleni yao ilikuwa ndefu kuliko njaa yangu. Jioni, unga ukiisha, watoto wa ploti yetu, nyumba za kupanga za ua mmoja, walikuja kukaa kwenye veranda yangu, na pale verandani nikajifunza ualimu upya.

Nyumbani kwangu nilikuwa nimeanza vibaya. Nilimchorea binti yangu ratiba kama ya shule, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana, na kengele nikawa naigonga kwa kijiko kwenye sufuria. Jumatatu alifurahi. Jumatano nilimkuta amejificha chooni.

Haya ninayoyaandika ni ya mzazi, nyanya, shangazi au kaka mkubwa aliyebaki na mtoto wa miaka sita hadi tisa na hajui aanzie wapi. Mtasema korona imepita. Imepita, lakini angalia ilivyokwenda: shule zilifungwa Machi 20, 2020, watahiniwa wakarudi Oktoba, madarasa mengine yakaitwa kidogo kidogo mwaka 2021, na Juni mwaka huo, madarasa ya chini yakiwa bado yanangoja zamu yao, milango ikafungwa tena mpaka Januari 10, 2022. UNESCO ilihesabu wiki 83, ukijumlisha kufungwa kabisa na kufungwa nusu nusu. Hatujakaa sawa, Septemba 2022 Ebola ikazuka Mubende, na Novemba muhula wa tatu ukakatwa wiki mbili kabla ya wakati wake. Na hata pasipo ugonjwa, kuna likizo, na kuna ile ada ambayo bado haijapatikana na mtoto amerudishwa nyumbani.

Mtoto wa P6 ukimpa kitabu atajisukuma. Wa P1 hadi P3 hajafika hapo. Huyu anahitaji masikio ya mtu mzima kwa nusu saa kila siku, na mtu huyo si lazima awe mwalimu. Nitaeleza mpaka namna ya kufanya kama wewe mwenyewe hujui kusoma.

Hatua ya kwanza: jua mtoto yuko wapi

Usiulize yuko darasa gani. Darasa ni chumba anachokaa. Ripoti nayo iweke pembeni kidogo.

Mtoto wa mama muuza mukene, wale dagaa wadogo, jirani yangu, alikuwa P2. Alikuja na kitini cha masomo, akafungua ukurasa, akasoma vizuri huku kidole kikikimbia chini ya maneno: "Mama anapika chakula." Mama yake akanitazama kwa fahari. Lakini pale palikuwa pameandikwa "Mama anapika posho," yaani ugali. Nikaifunika picha kwa kiganja, nikaweka kidole kwenye neno la mwisho, nikamuuliza hili linasema nini. Akanyamaza. Kisha nikamwona anatikisa midomo kimyakimya tangu mwanzo wa sentensi, mama... anapika..., ili afike kwenye lile neno. Alikuwa amekariri ukurasa mzima kama wimbo. Herufi alizijua nane tu, na "b" na "d" kwake zilikuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo mpime hivi, kwa dakika tano, mkiwa mnacheka. Andika herufi kumi kwa kuzichanganya. Usizipange a, b, c, maana ataziimba. Akizijua, andika silabi: ma, ke, tu, so, li. Akiziweza, andika maneno mafupi ambayo hayana picha karibu: kuku, maji, embe, sigiri. Akiyaweza nayo, mwandikie hadithi ya mistari minne. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia kesho. Watu wanaojitolea wa Uwezo, waliopita nyumba kwa nyumba kupima watoto Uganda, Kenya na Tanzania, walipanda ngazi kama hiyo, na hadithi yao ilikuwa ya kiwango cha P2 tu. Andika tarehe na mahali alipokwama nyuma ya daftari. Usimwambie kwamba amefeli. Hakuna aliyefeli.

Hatua ya pili: chagua saa, uishike

Nusu saa inatosha. Wa P1 hata dakika ishirini. Kinachomjenga ni kurudi kila siku saa ileile, hata siku ambayo hujisikii.

Kwangu ilikuwa saa kumi na moja jioni, kabla ya sigiri ya chakula cha usiku kuwashwa na mwanga ukiwa bado upo. Mama muuza mukene yeye hakuweza jioni. Alimchukua mtoto sokoni, wakasoma saa tatu asubuhi kabla wateja hawajajaa, daftari juu ya debe lililofunikwa. Dereva mmoja wa boda boda alisoma na mwanawe kila alipokuja nyumbani kula mchana, dakika kumi na tano, pikipiki bado ina moto. Saa yoyote ni nzuri, ila ile ya mtoto akiwa na njaa, na ile ambayo wenzake wanacheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, nje huku yeye anasikia kelele zao. Hapo umeshashindwa kabla hujaanza.

Kama shule zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa, usikusanye watoto wa ploti nzima. Mimi nilifanya hivyo mwanzoni, na leo naona niliwaponza. Baadaye nikawagawa, wa nyumba moja kwa wakati mmoja, nje, kila mmoja na penseli yake. Wakati wa Ebola hata hilo sikulifanya. Kila mtoto alisomea kwao.

Hatua ya tatu: soma kwa lugha inayozungumzwa nyumbani

Hapa wazazi wengi hunibishia, hasa wa shule za binafsi ambako Kiingereza huanza chekechea. Tangu 2007 mtaala wa P1 hadi P3 umesema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, kisha P4 ndipo aanze kuvuka kwenda Kiingereza. Busia ina Kisamia, Kiteso, Kinyole, Luganda na Kiswahili katika ploti moja, kwa hiyo kila shule hufanya lake. Nyumbani lakini hakuna mkaguzi. Mtoto akikutana na neno "maji" na tayari anayajua maji, kazi iliyobaki ni moja tu: kuunganisha sauti. Akikutana na "water" ana kazi mbili, na ile ya pili inamfanya akariri.

Kiswahili kina neema yake. Kinasomwa kama kilivyoandikwa, na silabi zake karibu zote zinaishia kwa irabu. Mtoto akishaelewa ma-me-mi-mo-mu, Luganda na Kisamia anavivamia kwa nguvu hizohizo, ukimwonyesha tofauti chache, kwa mfano kwamba Luganda huandika "c" peke yake pale tunapoandika "ch", na kwamba irabu mbili zikifuatana sauti inavutwa. Na tangu baraza la mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe shule zote za msingi na sekondari, hakuna tena wa kukuambia unampotezea mtoto muda.

Hatua ya nne: kusoma, dakika kumi na tano

Hapa ndipo kwenye kazi, msiniharakishe.

Chukua boksi la sabuni, likate vipande vya ukubwa wa kadi ya karata. Kila kipande andika silabi moja, kubwa, kwa herufi ndogo za kawaida. Anza na nne: ka, ta, ma, la. Zimwage sakafuni, mwambie atengeneze neno. Atapata mama, kama, kata, lala (kwa hiyo tengeneza kila kadi mbili mbili). Siku moja binti yangu aliweka tatu pamoja, akasoma polepole: ka... ma... ta. Akanyamaza. Kisha akapiga kelele, "Kamata!" akakimbia kuzunguka nyumba akiwakamata wenzake, maana ulikuwa wakati wa kafyu ya saa moja jioni na neno hilo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Hilo hakulisahau tena. Kila siku ongeza silabi mbili, na rudia za jana kabla ya kuongeza. Za "ng'", "ny", "nd" na "mb" ziache mpaka zile nyepesi zikae.

Akishaweza maneno, mpe mistari mifupi. Huna kitabu? Andika wewe. "Kaka ana kuku. Kuku ametaga mayai matatu. Kaka amekula yai moja. Mama amekasirika." Hiyo ni hadithi, na kesho iendeleze.

Akikosea, fanya hivi. Kaa kimya, uhesabu moja mpaka tano moyoni. Ni vigumu kuliko unavyodhani, mdomo utakuwasha. Mara nyingi atajirekebisha. Asipojirekebisha, funika neno kwa kidole ubakishe silabi ya kwanza, aisome. Fungua ya pili. Fungua ya tatu. Kisha alisome neno zima, na arudie sentensi kutoka mwanzo. Usimpe neno. Ukimpa, kesho atakutazama usoni badala ya kutazama kitabu. Akikosea maneno matatu katika mstari mmoja, hadithi ni ngumu. Rudi nyuma bila kumwambia.

Mwisho muulize swali ambalo jibu lake halimo katika neno moja. Kwa nini mama amekasirika? Mtoto mmoja alinijibu, "Kwa sababu yeye ndiye alitaka kulila." Sikumsahihisha.

Na kama hujui kusoma? Kaa naye hivyohivyo. Mwambie aweke kidole chini ya kila neno. Tazama macho na kidole: sauti ikitangulia kidole, amekariri, mrudishe. Onyesha neno lolote katikati ya ukurasa umwambie alitaje. Akishusha macho na kutikisa midomo tangu mwanzo wa mstari, umeshajua. Kisha akusimulie alichosoma. Nyanya mmoja wa ploti yetu ambaye hakuwahi kukalia dawati alimfikisha mjukuu wake kwenye hadithi ya mistari minne kwa njia hiyo, na huku anachambua maharage.

Hatua ya tano: hesabu, kwa vitu vya mkononi

Mweso, ule mchezo wa bao, utakusaidia kuliko daftari. Ubao wake una mashimo 32, safu nne za manane manane, na mbegu 64. Usipokuwa na ubao, chimbeni mashimo kwenye udongo mtumie mawe madogo. Kabla mtoto hajasambaza mbegu, aseme ya mwisho itaangukia shimo lipi. Mwanzoni atakisia. Baada ya wiki atakuwa anahesabu mbele kwa macho bila kugusa kitu, na mkifika kwenye kujumlisha hutahangaika.

Makumi na mamoja wafundishe kwa vijiti. Kumi kwa kumi vifungwe kwa uzi wa mgomba. Sasa mwambie ana 32, atoe 15. Anavyo vifurushi vitatu na vijiti viwili. Anatafuta vitano vya kutoa, anaviona viwili, anakutazama. Ngoja. Atafungua kifurushi mwenyewe. Kile tunachokiita shuleni kukopa, ambacho watoto wa P3 hukiandika bila kujua nani amekopa kwa nani, ni kufungua ule uzi tu. Fanyeni hivyo siku tatu kabla ya kuandika hesabu hiyo kwenye karatasi.

Pesa ni somo la bure kwa anayeuza. Chapati moja 500, mteja ametoa 2,000, amechukua tatu, chenji ngapi? Watoto wa mpakani wana bahati ya ziada, maana wanashika shilingi za Uganda na za Kenya siku moja. Ila chenji ihesabiwe na mtu mzima kabla haijatoka. Niliwahi kupoteza faida ya mchana mzima kwa ajili ya elimu.

Hatua ya sita: kuandika

Kunakili ukurasa mzima wa kitini hakumfundishi mtoto kitu isipokuwa kunyamaza. Wa P1 hadi P3 wana kipindi cha Habari shuleni, kiendelezeni nyumbani. Mtoto aseme jambo moja lililotokea leo, aliandike kwa sentensi moja, aweke tarehe. "Leo lori limekwama." Wa P3 aandike tatu. Daftari moja la kurasa 48 linatosha kwa muhula, na mazoezi yafanyike kwa mkaa kwenye saruji ya veranda, yanafutika kwa maji. Sahihisha kosa moja tu kwa siku.

Redio, vitini na simu

Vitini vilivyogawiwa wakati ule vilifika kwetu nakala moja kwa ploti nzima, tukaizungusha mpaka ikachakaa. Kikikufikia, kitumie kama ghala: chukua hadithi, chukua hesabu, lakini usimwambie mtoto "maliza ukurasa huu" ukaenda zako. Vimeandikwa kwa anayeweza kusoma tayari.

Redio inasaidia ukikaa naye. Vipindi huhamishwa, kwa hiyo waulize majirani kimehamia saa ngapi, hata katochi, ile simu ndogo ya tochi, yenye redio inatosha. Mtoto wa miaka saba hatasikiliza sauti isiyomwona kwa nusu saa. Atasikiliza dakika kumi kama anajua baadaye utamuuliza maswali matatu. Mwenye simu kubwa, ingia African Storybook, kuna hadithi za bure za watoto kwa Kiswahili, Luganda na lugha nyingine nyingi. Zipakue siku ukiwa na bando, mzisome hata pasipo mtandao. Kisha simu irudi mfukoni kwako.

Ukimpa kaka mkubwa au dada kazi ya kufundisha, mpe na sheria mbili: asipige, asicheke. Watoto hufundishana vizuri mno, na hutesana vizuri vilevile. Binti yangu alikataa kusoma kwa wiki nzima kwa sababu binamu yake alimwita mbumbumbu mara moja tu. Na wewe mzazi, fimbo iache. Mtoto anayesoma huku anaangalia mkono wako hasomi.

Kuna wiki itakayoharibika. Kutakuwa na msiba, palizi, malaria. Usilipize kwa kumsomesha saa tatu Jumamosi. Anzeni Jumatatu na silabi za mwisho alizozijua.

Shule zikifunguliwa

Wengi mwaka 2022 walipandishwa darasa vilevile walivyokuwa, na mwalimu akakuta mbele yake watoto wengi asiowajua yupi anasoma na yupi anaimba. Msaidie. Wiki ya mwisho kabla ya kufungua, mpime mtoto tena kwa zile dakika tano za mwanzo, uandike pale alipofika, chini ya ile tarehe ya kwanza. Siku ya kufungua nenda naye mwenyewe kama unaweza, ubebe lile daftari la Habari, umwonyeshe mwalimu ukurasa wa nyuma. Mwambie: silabi anazo zote, "ng'" bado, kutoa kwa kufungua kumi anaelewa kwa vijiti lakini si kwa karatasi. Itamchukua dakika moja kusikiliza.

Ile nusu saa ya jioni usiifute siku hiyo. Punguza iwe dakika kumi, akusomee alicholeta.